Mtihani kwa Kiingereza, Gazeti kwa Kiswahili

Yapo mambo katika nchi yetu yaliyozoeleka hata hakuna tena anayeyaona kuwa ni ajabu. Mojawapo ni hili. Kijana wa Kitanzania anayetaka kuwa mwandishi wa habari huingia chuo kikuu, hufundishwa kwa Kiingereza muda wa miaka mitatu namna ya kuandika habari, hufanya mitihani yake kwa Kiingereza, hutunukiwa shahada yake kwa Kiingereza, kisha hutoka kwenda kuajiriwa katika gazeti la Kiswahili au redio ya Kiswahili, ili awaandikie na kuwasomea watu wasemao Kiswahili mambo yaliyotendeka kwa Kiswahili. Bunge analokwenda kuliandika hujadili kwa Kiswahili. Lugha ya mahakama, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2021, ni Kiswahili. Mkutano wa kijiji, mnada wa samaki, ajali ya barabarani, malalamiko ya wakulima wa korosho, yote hayo husemwa kwa Kiswahili. Katika safari nzima ya habari, ni mahali pamoja tu ambapo Kiswahili huambiwa kingoje nje, napo ni darasani, pale pale kazi inapofunzwa.

Tunaoandika haya tu watumishi wa serikali na watunzi wa mashairi, na elimu yetu ni ya sekondari. Baadhi ya wasomi watauliza ni nani aliyetupa ruhusa ya kuzungumzia mitaala ya chuo kikuu. Ruhusa tumepewa na gazeti. Sisi ndio tunaolinunua na kulisoma hadi ukurasa wa mwisho, na tunalo deni la kusema pale linapoharibika. Aidha, chuo kikuu hakikujengwa kwa fedha za maprofesa. Kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi darasa moja dogo, kilikaa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Yaani kilizaliwa katika nyumba ya wananchi, na wananchi wana haki ya kukiuliza kinalea watoto wao kwa lugha gani.

Matunda ya mazoea haya tunayala kila asubuhi. Fungueni gazeti. Mtasoma kuwa mvua "imepelekea" mafuriko. Imempelekea nani? Kwa Kiswahili tulichokulia, mtu humpelekea mwenzake barua au salamu au chakula. Mvua huleta mafuriko, au huyasababisha. Mtasikia redioni kuwa "mwisho wa siku" mwananchi ndiye anayeumia, ilhali ni saa mbili asubuhi na mwananchi mwenyewe ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Mtasoma kuwa watu saba "wamepoteza maisha", kana kwamba maisha ni ufunguo ulioanguka njiani. Lugha yetu ina kufa, kufariki, kuaga dunia, kufikwa na mauti, kutangulia mbele ya haki. Kila neno lina mahali pake, na mtangazaji aijuaye lugha hulichagua kwa kumstahi aliyekufa na kuwafariji waliofiwa. Yule asiyeijua hutumia moja kwa wote, tena la kutafsiri.

Hayo yangeweza kuchukuliwa kuwa ni mambo ya kuchekesha, nasi watunzi tumeyachekea sana vibarazani. Lakini yapo mengine yasiyochekesha. Kijiji kisicho na maji kwa miezi sita huandikwa kuwa "kinakabiliwa na changamoto ya maji". Changamoto ni jambo linalomwamsha mtu aonyeshe uwezo wake. Kijiji kile hakina changamoto, kina kiu. Nyumba za watu zinapobomolewa, habari husema kuwa "zoezi" la kuwaondoa limekwenda vizuri. Zoezi kwetu ni la mwili au la shuleni, nalo hufanywa ili mtu apate nguvu au maarifa. Mama aliyekaa juu ya godoro lake kando ya barabara, watoto wakiwa wameshika masufuria, hakuhudhuria zoezi lolote. Sisi tunaokaa ofisini tunajua maneno haya yanatoka wapi. Hutoka katika taarifa zilizofikiriwa kwa Kiingereza cha kiofisi, ambacho kazi yake kubwa ni kulifanya jambo kali lionekane jepesi, na mwandishi huyapokea kama yalivyo kwa sababu naye alifundishwa kuifikiri kazi yake kwa Kiingereza hicho hicho. Mwandishi aliyefunzwa katika lugha yake angelisikia neno likigongana na jambo, na angeuliza. Ndipo tunaposema kuwa lugha ya gazeti si suala la urembo. Ni suala la mwananchi kuambiwa kweli au kutoambiwa.

Tutoe mfano mmoja tuliouona wenyewe. Katika ofisi moja ya mkoani alikuja kijana wa mwaka wa tatu kwa mafunzo ya vitendo, hodari na mwenye adabu. Akapelekwa kuandika habari ya kisima cha pampu kilichokuwa kikifunguliwa. Alirudi na daftari limejaa. Mle ndani kulikuwa na maneno ya bibi mmoja aliyesema, mbele ya mgeni rasmi, "Sasa na mgongo wangu utapona." Kijana alikaa, akaandika habari yote kwa Kiingereza, kisha akaanza kujitafsiri mwenyewe, mstari baada ya mstari. Ilipofika mezani kwetu, bibi yule alikuwa amegeuka "mmoja wa wakazi wa eneo hilo", naye "alielezea kufurahishwa kwake na mradi huo". Mgongo haukuwamo. Tulimwuliza kwa nini hakuandika moja kwa moja. Akajibu kwa unyofu: "Mzee, muundo wa habari nimefundishwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sijui habari inaanzia wapi." Na kijana huyo huyo, saa ya chakula, alitusimulia habari ile ile kwa mdomo, akimwiga mgeni rasmi anavyoisukuma pampu isiyotoa maji mpaka fundi aje, nasi tulicheka mpaka machozi. Kipaji anacho. Alichokosa ni mwalimu wa kumwambia kuwa alichokisimulia mezani ndicho alichotakiwa kukiandika.

Wapo watakaotujibu kuwa Kiswahili hakina istilahi za taaluma hii. Jawabu hili ni la zamani, na sisi wa serikalini tunalijua vizuri kuliko wengine. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, marehemu Rashidi Kawawa, alipotangaza kuwa shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, walikuwapo waliotia shaka kama ofisi itaweza kwenda. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo, na ofisi ikaenda. Leo karani wa masijala hufungua jalada, afisa huandika dokezo, katibu muhtasi huchapa waraka, kikao huwa na ajenda na kumbukumbu, na hakuna hata mmoja anayesimama kujiuliza kama maneno hayo yapo. Istilahi hazikutangulia kazi. Zilizaliwa kazini, kwa kuwa watu walilazimika kusema jambo na hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Mfano ulio karibu zaidi uko pale pale Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, iliundwa Idara ya Kiswahili, nayo ikaamua kufundisha kwa Kiswahili. Wakati ule ilikuwa ni ujasiri. Isimu, fonimu, mofimu, kiima, kiarifu, fasihi simulizi, utanzu, dhamira: maneno haya leo mtoto wa sekondari huyatamka bila taabu, na yalienea kutoka katika vitabu na madarasa ya watu walioamua kuanza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walikwishaandika Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976. Mwaka 2009 idara ile na taasisi ile ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na humo tasnifu huandikwa kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu. Ikiwa inawezekana kuchambua sintaksia ya sentensi changamano kwa Kiswahili, haiwezekani vipi kumfundisha mtu kuandika habari ya moto uliounguza soko?

Na faida ya uamuzi ule wa 1970 haikubaki darasani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wazee wetu wa ushairi walishtuka, na mabishano yakawaka. Mulokozi na Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, yakawaka zaidi. Sisi hatukubaliani na wasomi hao katika jambo la vina, wala hatutakubaliana nao, na ugomvi huo una siku yake. Lakini angalieni jambo moja. Tuliweza kugombana nao! Hakimu wa mahakama ya mwanzo, karani wa forodha, mwalimu wa shule ya msingi, kila mmoja aliweza kukisoma kitabu cha msomi, akakielewa, akakasirika, akatunga jibu. Chuo kikuu na baraza la watunzi vilikuwa katika chumba kimoja. Niambieni, ni lini mwananchi wa kawaida aliwahi kugombana na mhadhiri wa uandishi wa habari juu ya namna habari inavyopasa kuandikwa? Hajawahi, maana hajui hata kinachosemwa mle ndani. Taaluma inayohusu kusema na umma ndiyo inayozungumzwa kwa lugha ambayo umma haupo.

Masomo mengine ya sanaa na utu wa binadamu hayana nafuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo chetu walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Ilikuwa kazi njema na ya haraka, kwa kuwa wazee waliokumbuka mwaka 1905 walikuwa wakipungua. Wazee wale walisimulia kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani kwao. Ripoti ziliandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa msimulizi, akitaka leo kujua babu yake alisema nini, hana budi kumtafuta mtu wa kumrudishia maneno ya babu katika lugha aliyoyasemea. Na mwaka huo huo, jirani zetu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, walidai idara ya Kiingereza ya chuo chao ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Walishinda kwa upande wa vitabu. Kwa upande wa lugha mambo yalibaki yalivyokuwa, na Ngũgĩ mwenyewe alilitambua hilo baadaye, akahamia katika Kikuyu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotukereketa zaidi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka sharti kuwa mwandishi wa habari awe na ithibati, na kanuni zilizotungwa chini yake zikataka awe na elimu isiyopungua stashahada. Hatuna ugomvi na elimu. Mwandishi asiyejua sheria ya kashfa ni hatari kwake na kwa jirani zake. Ugomvi wetu ni kwamba mafunzo hayo kwa sehemu kubwa hutolewa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hivyo mlango wa chumba cha habari cha Kiswahili umepewa kitasa cha Kiingereza. Msichana wa Pemba au wa Pangani mwenye Kiswahili cha kuwafanya wahariri wavue kofia, akishindwa mtihani kwa sababu ya Kiingereza, haruhusiwi kuandika Kiswahili. Na mwingine asiyejua tofauti ya kupeleka na kusababisha, maadamu amefaulu, anapewa kitambulisho.

Tujiulize gazeti la Kiswahili lilijengwa na nani. Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923 lilikuwa la serikali ya kikoloni, lakini kurasa zake za mashairi zilijazwa na makarani, walimu na maliwali. Shaaban Robert alikuwa mtumishi katika forodha, na hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Leo watu hupata shahada kwa kumsoma. Mathias Mnyampala, aliyetupatia ngonjera, alikuwa hakimu. Ngurumo, lililoanza mwaka 1959 na kukoma mwaka 1976, lilisomwa na wachukuzi wa bandarini na wapishi wa nyumba za watu kwa sababu lilisema kama wao. Uhuru lilianza mwaka 1961 na likafundisha nchi nzima maneno ya siasa mpya. Watu wale walijifunza kazi kutoka kwa mhariri mkali na kutoka kwa wasomaji wasiosamehe kosa la lugha. Chuo cha Uandishi wa Habari kilipoanzishwa mwaka 1975, na kilipoingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, tulitazamia kuwa urithi huo ungeingia nao darasani, usomwe, ukosolewe na kuendelezwa. Badala yake vijana wetu hukariri historia ya magazeti ya London na New York. Nayo ni elimu, hatukatai. Lakini mtu akijua ugomvi wa wamiliki wa magazeti wa New York na asijue nani aliandika nini katika Mambo Leo, huyo amesomeshwa kuwa mgeni.

Tunaambiwa pia kuwa Kiingereza ni lugha ya dunia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipata kukifananisha na Kiswahili cha dunia, na maneno yake hutumiwa mpaka leo kama kufuli. Mwalimu huyo huyo alimfasiri Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikijua Kiingereza kwa kiasi cha kukibebesha mzigo na kukileta nyumbani. Hivyo ndivyo tunavyotaka kijana wetu akijue. Kwa sasa hakijui. Amekitumia kama lugha ya kufundishiwa bila kufundishwa lugha yenyewe, naye hutoka chuoni akiwa na Kiingereza cha kujibia mtihani na Kiswahili cha kutafsiria. Afundishwe Kiingereza kama somo, na mwalimu anayekijua, saa nyingi kuliko za sasa. Afundishwe na kufasiri, kwa sababu habari za mashirika ya nje huja kwa Kiingereza na hazitaacha kuja. Lakini afundishwe kama ufundi wenye kanuni zake, siyo kama jasho la kila aya.

Kuhusu vitabu tutasema kidogo tu. Vitabu havipo kwa kuwa havijaagizwa. Hakuna mhadhiri atakayeandika kitabu cha Kiswahili cha uhariri ikiwa mtihani wa uhariri ni wa Kiingereza.

Wala tusijidanganye kuwa jambo hili halijawahi kufikiriwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na marehemu Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo lilikataliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaja kutaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na madarasa ya vyuo yakaendelea kama kwamba hapakusemwa kitu. Katika miaka hiyo hiyo tumeshangilia Kiswahili kukubaliwa na SADC mwaka 2019, na UNESCO kukipa siku yake, tarehe 7 Julai, mwaka 2021. Tunafurahi. Lakini ni aibu lugha kuwa na siku yake duniani na kukosa kipindi chake katika chuo cha waandishi wake.

Hatungoji tena tume nyingine. Hatudai uhandisi na udaktari vigeuzwe kesho. Hayo yana wenyewe, na watasema. Tunadai jambo dogo linaloweza kufanywa na seneti ya chuo kwa kubadili kanuni moja: kwamba masomo ya kuandika habari, kuhariri na kutangaza yafundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili kwa wote wanaojiandaa kuwatumikia wasomaji wa Kiswahili. Pamoja na hayo, kila mwanafunzi wa uandishi wa habari asome fasihi ya Kiswahili, na ushairi ndani yake, wenye vina na usio na vina, maana anayejua kupima mizani hapotezi maneno. Na waalikwe darasani wahariri na watangazaji wastaafu wa Radio Tanzania na wa magazeti ya zamani, wenye shahada na wasio nayo, kabla hawajaondoka na elimu yao. Sisi malenga tutakuja kwa nauli zetu.

Somo la kwanza la kazi hii linajulikana duniani kote, nalo ni maswali ambayo kila habari hupaswa kuyajibu: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Yote sita yamo katika Kiswahili, na mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni siku ya kwanza ya muhula ujao.